Boksi la Saba

Aliambiwa akaangalie tu. Mwashi akaangalia, akapenda, akalipa, na yote hayo aliyamaliza kabla jua halijafika utosini.

Yadi ilikuwa kiwanja cha changarawe chenye magari kumi na tisa yaliyooshwa yakang'aa kama viatu vya mkaguzi. Yaliyomhusu ni mawili. La kwanza lilikuwa kigari cheupe cha mizigo, kimenyooka pande zote kama kabati la nguo lililofungwa magurudumu, mlango wa nyuma umebonyea, na ubavuni bado kuna kivuli cha maandishi ya mwenyewe wa zamani, aliyekuwa akiua mende na panya majumbani. La pili lilikuwa gari la juu, yale madogo ya kisasa, jekundu lililokolea, limetunisha kifua kama jogoo aliyeshinda kesi. Mkewe alikuwa amemwagiza hivi: "Yaangalie yote mawili, uje uniambie lipi lina nafasi ya kutosha. Usinunue maneno."

Muuzaji aliitwa Kiyoyozi, maana mteja aje amewaka vipi, ataondoka amepoa. Hakumsukuma mtu. Alisimama kando na kitambaa chake cha kufutia vioo, akasema, "Fungua mwenyewe, mzee wangu. Mimi nikikufungulia utasema nimekuroga."

Mwashi akafungua buti la lile jekundu. Miaka ishirini na sita alilaza matofali, mpaka mwaka jana jukwaa lilipokatika naye juu ya ghorofa ya pili, na katika miaka yote hiyo kila kitu duniani alikipima kwa tofali. Kitanda chake kilikuwa matofali manne kwa urefu na kidogo. Mlango wa choo cha jirani, alisema, ulipungua nusu tofali, ndiyo maana jirani anaingia kwa ubavu. Akashika kiuno, akafumba jicho moja.

"Ishirini na tano," alisema. "Ukilaza viti vya nyuma, sabini na kitu."

"Sabini na kitu nini?"

"Matofali."

"Sabini!" Kiyoyozi alipiga makofi. "Na mama anabeba nini?"

"Keki."

"Tofali na keki, kipi kizito?"

"Tofali."

"Sasa mzee wangu, unaniuliza mimi swali gani?"

Wakacheka wote wawili. Kisha Kiyoyozi akamfungulia mlango wa mbele, upande wa abiria, kwa sababu leseni alikuwa nayo mke, na mwashi akakaa. Kiti kikampokea mgongo wote, kuanzia shingo hadi nyonga. Kwa miezi kumi na minne mgongo ule ulikuwa ukimng'ata kila akikaa, hapo haukung'ata. Akashusha kioo, akaweka kiwiko dirishani. Akajiona anapita mbele ya wale vijana wa kule kwenye ujenzi, ambao siku hizi walimwita "mzee wa kumwagilia ukuta". Akatupa jicho kwenye kile kigari cheupe. Humo angekaa kama panya aliyekamatwa, tena kwenye gari lenye historia ya kukamata panya.

"Kesho kuna watu wawili wanakuja kuliona hili," Kiyoyozi alisema huku akifuta kioo kilichokuwa safi. "Sikuharakishi."

Watu wawili hao wanajulikana katika kila yadi ya magari, na hakuna aliyewahi kuwaona. Lakini mtu akishapenda, futi ya chuma humgeukia ikawa ya mpira. Mwashi alitoa arubuni. Alitoa fidia yote ambayo mkandarasi alimlipa kwa ajili ya ule mgongo, akapewa risiti, akaikunja mpaka ikawa ndogo kama kucha, akaisokomeza mfuko wa ndani.

Jioni alimpigia Kiyoyozi simu akiwa amejifungia chooni.

"Mke wangu anaweza kuja. Usiseme."

"Nisiseme nini?"

"Kwamba nimelipa."

"Mzee wangu, mimi ni kaburi."

Kweli alikuwa kaburi. Ila lilikuwa kaburi lenye mdomo.

*

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na jiko, na jiko ndilo lililokuwa kubwa. Huko alitawala mke wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Keki. Tangu mume alipoanguka, kodi, chakula na dawa za kuchua mgongo vilitoka kwenye oveni yake. Binti yao mkubwa alikuwa amerudi nyumbani kusubiri kujifungua. Mimba ilikuwa ya miezi minane na ulimi wake haukuwa na likizo ya uzazi.

Shida yenyewe ilianza na vitunguu. Wiki tatu nyuma, keki za harusi zilisafiri kwenye gari la shemeji, ambalo siku iliyotangulia lilibeba magunia ya vitunguu. Shemeji aliapa kwamba ameliosha. Ukumbini bwana harusi alimlisha bibi harusi kipande cha kwanza mbele ya watu mia tatu. Bibi harusi akatafuna mara mbili, akaacha, akamtazama mumewe kwa namna ya mtu anayejiuliza kama bado kuna njia ya kutoka. Meneja wa ukumbi, mama mmoja mwembamba asiyepandisha sauti, alimwita Mama Keki pembeni. Akampa Jumamosi moja ya mwisho: keki saba, kila moja kwa stendi yake, ziletwe kwenye gari lake mwenyewe, safi, lililofungwa, kati ya saa tatu na saa nne, maana baada ya hapo geti la watoa huduma hufungwa. Akifaulu, harusi zote za ukumbi ule kwa mwaka mzima zitakuwa zake. Akishindwa, yuko mwokaji mwingine mwenye gari na friji ndani yake.

"Umeyaona?" Mama Keki aliuliza. Alikuwa akisawazisha krimu, hakugeuka.

"Nimeyaona."

"Lipi lina nafasi?"

"Jekundu. Mama, lile si gari, lile ni ghala."

"Na jeupe?"

"Linanuka dawa ya mende."

Hilo la dawa hakulinusa. Alipita mbali nalo kama mtu anayemkwepa mdai.

"Ulipima kwa futi?" mke aliuliza.

"Futi ya nini? Miaka ishirini na sita nimepima majumba ya watu kwa jicho, hakuna hata moja lililoanguka."

"Ni kweli," binti alisema kutoka kwenye kigoda. "Aliyeanguka ni wewe."

Mwiko wa krimu ulisimama. Binti akaziba mdomo kwa mkono. "Baba, samahani. Limenitoka."

"Si kitu. Ukweli haukosi pa kutokea," mwashi alisema, akacheka peke yake, kicheko kilichokatikia njiani.

Mama Keki akaweka mwiko chini. "Kesho nitakwenda mwenyewe. Na maboksi yangu yote saba."

"Maboksi? Yadini? Watatucheka!"

"Mwenzangu, sisi tumeshachekwa kwa vitunguu. Boksi litatufanya nini?"

*

Yalikuwa maboksi magumu ya kadibodi, mraba, futi moja na nusu kila upande, na kwenda juu inchi kumi na nne. Mama Keki aliyabeba yamekunjwa chini ya kwapa kama gazeti, akafika nayo yadini, akapiga goti kwenye changarawe na kuanza kuyasimamisha moja moja kwa gundi ya karatasi. Vijana waosha magari walifunga maji ili wasikie vizuri.

"Mama, unanunua gari au unahama?" mmoja aliuliza.

"Nahama. Wewe ndiye mama mwenye nyumba?"

Wenzake wakamcheka yeye, naye akafungua maji tena.

Mwashi alikuwa amesimama kando ya Kiyoyozi, akimtazama usoni kama mtu anayechunga maziwa yasichemke yakamwagika. Kiyoyozi alifunga midomo na kutabasamu kwa macho.

Viti vya nyuma vikalazwa. Mama Keki akaingiza boksi la kwanza, akalisukuma hadi mwisho, akaweka la pili ubavuni mwake. Kati ya yale matuta mawili yanayofunika matairi palikuwa na futi tatu na vidole viwili; maboksi yakapita yakiwa yamebana pumzi. Mstari wa pili ukakaa. Mstari wa tatu ukakaa, ukafika ukingoni kabisa. Akafunga mlango wa buti taratibu. Ukafunga. Akaufungua.

"Sita," alisema.

La saba lilikuwa mkononi mwake. Mwashi akalichukua haraka, kwa ukarimu mwingi, akaliweka juu ya mstari wa katikati. "Na saba! Tazama, mpaka huku darini pako wazi."

"Hapo umeliweka juu ya nini?"

"Juu ya hilo jingine."

"Na ndani ya hilo jingine kuna nini?"

Katika maisha yake yote ya kazi mwashi hakuwahi kukutana na kitu kisichoweza kumbeba mwenzake. Tofali humbeba tofali, nguzo humbeba boriti, na ukuta ukizidi kubebeshwa ndivyo unavyozidi kukaa. Sabini na kitu zile zilikuwa kweli kabisa, ila zilikuwa za vitu vinavyobebana.

"Keki haimbebi mwenzake, baba," mkewe alisema, kwa sauti ya chini ili vijana wasisikie. Wakasikia. "Keki inakaa chini, peke yake, kama mgeni wa heshima."

"Nitapiga rafu. Mbao mbili tu."

"Rafu itakula inchi mbili. Kifuniko kitagusa dari. Gari likiruka tuta, dari linaipiga keki kofi."

"Safari mbili, mama?" Kiyoyozi alijaribu kusaidia. "Mafuta halinywi hili. Linaramba."

"Kutoka kwangu hadi ukumbini ni dakika arobaini, na geti liko wazi saa moja. Hebu nifungulie lile jeupe."

Lile jeupe likafunguliwa, na mlango wake ukalia kama mbuzi. Halikunuka kitu. Maboksi saba yakaingia yakakaa chini yote, na pembeni ikabaki nafasi ya stendi, ndoo ya maua na mtu mzima kuchutama. Mama Keki akapapasa sakafu kwa kiganja. Ilikuwa bapa kama meza. Uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

"Nachukua hili," alisema. "Bei ni ileile?"

"Ileile, mama." Kiyoyozi akamtazama mwashi, akatazama mawingu, akatazama kitambaa chake. "Sasa... na lile la mzee tunalifanyaje?"

"La mzee lipi?"

Maji yakafungwa tena. Safari hii hakuna aliyecheka. Mwashi aliingiza vidole mfuko wa ndani, akatoa ile risiti, ikachukua muda mrefu kukunjuka. Mkewe akaisoma yote, mpaka jina la mchapishaji kule chini.

"Hii ni fidia."

"Ndiyo."

"Yote."

"Ndiyo."

"Kumbe mgongo wako ndio huu," alisema, akiangalia lile gari jekundu.

Kiyoyozi alijieleza kwa heshima zote. Arubuni hairudi, imeandikwa hapo chini. Mwenye gari alishaichukua, na kwa anavyomjua, alishaila. Kuihamishia kwenye jeupe haiwezekani. Jeupe lina mwenyewe mwingine, yeye ni dalali tu katikati, anachobakiza ni sabuni ya kuoshea. Bila ile fidia, akiba ya Mama Keki haikufika hata nusu ya kigari cha panya. Ikijumlishwa na fidia, ilifika hasa bei ya jekundu. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Kwa nini?" aliuliza mkewe. Hakumuuliza Kiyoyozi.

Mwashi alikuwa na majibu matatu yaliyopangwa vizuri tangu jana, moja likiwa na bei ya vipuri ndani yake. Yote yakamkimbia. "Nilikaa pale mbele," alisema, "nikajiona mtu."

Mama Keki alikunja risiti, akaitia kwenye mkoba wake. Kisha akaanza kuyakunja maboksi, moja moja, mpaka saba. Mwashi alipoinama amsaidie, mgongo ulimkata, akabaki ameinama nusu, mkono hewani.

"Acha," mke alisema. "Umesaidia vya kutosha."

*

Ijumaa gari jekundu lilikuwa limeegeshwa mlangoni, limelipwa lote, na hakuna aliyelisifu isipokuwa majirani.

Mchana mwashi alijitahidi. Alichukua ubao na vipande vya mbao, akajaza bonde la kiti cha mbele, akaweka pima maji juu yake, na kile kitone cha hewa kikasimama katikati kwa utii. Juu ya ubao akaweka sufuria la maji. Mama Keki akawasha gari, akazunguka kona ya kwanza ya mtaa, akarudi. Maji yalikuwa chini kwenye zulia, na sufuria lilikuwa juu ya maji, limelala kifudifudi.

"Gari likiwa limesimama, linakaa," mwashi alisema.

"Keki ningekuwa nazipeleka gari likiwa limesimama, ningenunua meza." Akajifuta mikono. "Ubao hauna mikono ya kushika. Inatakiwa ipakatwe."

Wote wawili wakamtazama binti.

"Mimi?" binti akajishika tumbo. "Mapaja yangu yote yamekaliwa. Na mimi buti langu limeshajaa, hata leso haipiti."

Mama Keki akacheka, akajikamata. Zilibaki saa ishirini, na keki ya saba, ile ya wazee wa bibi harusi, ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote: ya matunda, kilo tisa bila sinia.

"Nitapakata mimi," mwashi alisema.

"Daktari alikwambia usibebe kitu kizito kuliko birika."

"Hiyo ilikuwa mwaka jana. Mgongo umepona."

"Juzi yadini ulisimama kama herufi iliyokosewa."

"Niliteleza kwenye changarawe. Umepona, nakwambia. Mwezi ujao narudi kazini."

Mke hakuwa na mtu mwingine. Hilo nalo mwashi aliliona, na likamuuma mahali pasipo na dawa ya kuchua.

*

Jumamosi saa mbili na nusu waliondoka. Keki sita zilikaa nyuma, mistari mitatu, zimebanana kama watoto wa shule kwenye picha. Ya saba ilikuwa mapajani mwa mwashi, viganja vyake chini ya boksi, viwiko vimekaza mbavuni. Stendi binti alizitanguliza kwa pikipiki ya mizigo, na maua yalikuwa miguuni mwake mwashi, yakimtekenya.

"Sawasawa?"

"Sawasawa."

"Usiegemee."

"Siegemei."

Kiti kile kilichompokea mgongo wote hakikumfaa kitu sasa, maana akiegemea, boksi linainama. Ilibidi akae wima, mbali na kiti, kama ukuta usio na egemeo. Tuta la kwanza Mama Keki alilipanda kwa mwendo wa kobe mwenye mashaka. Mwashi alipumua kwa pua. Tuta la pili, daladala la nyuma likapiga honi ndefu, na kondakta akatoa kichwa: "Mama, umebeba mayai?"

"Nimebeba mume!" Mama Keki alijibu.

Mwashi alitaka kucheka. Mgongo ukamkataza.

Dakika ya kumi na tano, ganzi ilianza kwenye nyonga na kushuka. Dakika ya ishirini, mguu wa kushoto alikuwa akiujua kwa kuuona tu. Jasho likaanza kumtoka kwenye paji, likateremka hadi ncha ya pua, likaning'inia pale. Chini yake kulikuwa na kifuniko cheupe cha boksi.

"Jasho," alisema.

Mke akamfuta kwa kiganja bila kutoa macho barabarani. "Mgongo?"

"Umelala."

"Umelala au umekufa?"

"Tazama mbele, mama."

Penye mzunguko, lori la mchanga lilikuwa limezimika katikati na magari yamelizingira kama nzi. Saa tatu na dakika tano. Saa tatu na dakika kumi na mbili. Mama Keki alizima injini, akaiwasha, akaizima. Ndani ya gari palianza kupata joto, na krimu na joto havijawahi kuwa ndugu. Akafungua kiyoyozi, yale matundu yakapuliza vumbi la miaka, akakifunga upesi kabla halijafika nyuma. Hakuna aliyesema kitu kuhusu lile gari jeupe. Halikuhitaji kusemwa, lilikuwa limekaa katikati yao.

Lori likasogezwa. Walipopata barabara wazi, Mama Keki aliongeza mwendo kidogo, kidogo tu, na hapo hapo mkokoteni wa maji ukachomoka kati ya magari mawili yaliyoegeshwa.

Akakanyaga breki.

Boksi likaenda mbele. Mwashi akaenda nalo. Aliweka kidevu juu ya kifuniko, kifua nyuma yake, akalizuia kwa mwili mzima lisipige dashibodi, na ndani ya mwili huo kitu kikakatika kwa mlio ambao aliusikia yeye peke yake. Mwenye mkokoteni akanyanyua mkono kuomba radhi, akapita. Nyuma, maboksi sita yalijisukuma kidogo yakatulia. Kubanana kwake kuliyaokoa.

"Imepona?" Mama Keki hakuthubutu kugeuka.

"Imepona."

"Na wewe?"

"Twende. Saa."

*

Waliingia getini saa tatu na dakika arobaini na tisa. Wafanyakazi wawili wa ukumbi wakaja na meza ya magurudumu. Mama Keki alipokea kwanza lile boksi la mapajani. Ilibidi avifungue vidole vya mumewe kimoja kimoja, maana vilikuwa vimegandia chini yake.

"Shuka, unyooshe miguu."

"Tangulia. Nakuja."

Ndani, meneja yule mwembamba alikuwa akisubiri. Hakusalimu kwanza. Alifungua boksi la kwanza, akainama, akanusa. Wahudumu walikuwapo, mpiga picha alikuwapo, shangazi wa bibi harusi alikuwapo na mdomo umeshakaa tayari. Akanusa la pili. Akanusa la tatu, kwa utulivu wa mtu anayekagua maiti. Mama Keki alisimama na mikono nyuma kama mtoto mbele ya mwalimu, mwanamke wa miaka arobaini na minane aliyekesha siku mbili. Boksi la saba lilikuwa na alama kwenye kifuniko, kishimo cha mviringo.

"Hiki nini?"

"Kidevu cha mume wangu."

Meneja akafungua. Keki ilikuwa imesimama wima, pembe zake zote nne zimekaa, hakuna hata ua moja la krimu lililohama. Akainusa hiyo kwa muda mrefu kuliko zote.

"Zipangeni," aliwaambia wahudumu. Kisha kwa Mama Keki: "Jumatatu uje utie sahihi. Jumamosi ijayo nina harusi mbili siku moja. Asubuhi na jioni. Gari lako linatosha?"

Mama Keki alifikiri. "Kwa sasa lina watu wawili na keki saba," alisema. "Tutaliongezea akili."

Huko nje wageni walikuwa wameanza kufika. Walilipita gari jekundu linalong'aa, wakamwona mtu mzima amekaa mbele, wima, kioo kimeshushwa, hageuki huku wala kule, wakadhani ni tajiri. Wawili walimwamkia. Mmoja alimwita mheshimiwa. Mwashi alijibu kwa nyusi, kwa kuwa nyusi ndizo zilizobaki zikimtii.

Mke alirudi, akainama dirishani. "Tumeipata," alisema. "Mwaka mzima."

Mwashi alifumba macho. Machozi yalimtoka, na safari hii hapakuwa na boksi la kuyakinga.

"Jumamosi ijayo ni harusi mbili. Utapakata tena?"

Jibu lililomzoea lilikuwa limeshafika ulimini, limevaa na viatu. Akalimeza.

"Sitaweza," alisema. "Na kushuka siwezi. Mgongo haujapona, mama. Haukupona hata siku moja. Na kule kazini sitarudi."

Mkewe alipitisha mkono dirishani, akamtoa unga wa sukari kwenye kidevu, akaufuta kwenye aproni.

"Jumatatu tutamtafuta mtu wa kupakata," alisema. "Na hospitali nitakupeleka mimi, leo, tukitoka hapa. Wewe utakuwa unakaa nami jikoni, unapima. Kwa futi."

Kisha akawapungia mkono wale wafanyakazi wawili. Walikuja na meza yao ya magurudumu, wakamtazama mwashi, wakatazama buti lililokuwa tupu, wakatazamana.

"Mama Keki, ulisema ni maboksi saba," alisema mmojawao. "Na hili la nane ni la nani?"

"La kwangu," alisema. "Kamateni kwa chini. Polepole."